Noti Iliyoishia 417

Noti ya kwanza ya bandia maishani mwangu niliipokea kwa mikono yangu miwili, nikaihesabu, nikaifunga kwenye bunda na kuandika jumla. Ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni, watu wanaguna, mtoto wa mtu analia. Aliyenipa simkumbuki. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kilio cha mtoto nakikumbuka, mlio wa mashine ya risiti naukumbuka, lakini sura ya mtu aliyeniliza imefutika kabisa.

Jioni tulikuwa tukifunga hesabu. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mkubwa wetu pale dirishani, ndiye aliyepitia mabunda ya kila mtu. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu huku anapiga soga, macho kayaelekeza kwako na vidole viko kazini. Katikati ya sentensi akanyamaza. Akarudi noti moja nyuma, akaichomoa, akaiweka mezani bila hata kuitupia jicho.

"Mwanangu, hii imetoka kwako?"

Nikaishika, nikaigeuza. Kwangu ilikuwa noti kama noti nyingine. "Ina nini, Mama?"

"Funga macho."

Nikafunga. Akashika kidole gumba changu, akakipitisha taratibu juu ya noti moja, kisha juu ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na ukwaru mdogo, kama ulimi wa paka. Ya pili iliteleza kama jalada la jarida. Nikafumbua macho nikajua mshahara wangu umeshapata tundu.

Bosi hakutaka maelezo. Aliandika jina langu kwenye daftari la makato, kisha akanirushia ile noti juu ya meza. "Hii ni mali yako sasa." Nikaikunja mara mbili, nikaitia mfukoni. Ilikoelekea baada ya hapo nitasema baadaye. Kwanza niseme nilichojifunza kwa sababu yake, maana nilijifunza kwa hasira, na mtu akijifunza kwa hasira hasahau.

Wengi husema keshia hufundishwa noti halali peke yake, kisha siku ya bandia inajitangaza yenyewe. Maneno matamu. Mimi nilizijua kwa kuzishika zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, na sidhani kama ningejifunza vinginevyo. Noti za karatasi kwa kawaida hazitengenezwi kwa karatasi ya miti kama ya daftari. Ni pamba. Karatasi ya dola ya Marekani ni robo tatu pamba na robo moja kitani, ndiyo maana noti ikisahauliwa mfukoni ikafuliwa hutoka imechoka lakini nzima, wakati karatasi ya kawaida hutoka uji. Na ule ulimi wa paka una sababu yake. Bamba la chuma huchongwa, michoro ikajazwa wino, karatasi ikakandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi mpaka wino unabaki umeinuka juu ya karatasi. Printa ya ofisini inalaza wino bapa. Kidole cha yule mama kilikuwa kinatafuta hicho tu, na kilifanya hivyo kila siku hata asipofikiria. (Kuna nchi zimehamia noti za plastiki, Australia ikianza mwaka 1988. Huko unatazama zaidi kidirisha angavu kilichoachwa ndani ya noti.)

Pale kazini tulikuwa pia na kalamu ya kupimia. Ndani yake mna ayodini. Ikikutana na wanga, ambao hutiwa kwenye karatasi za kawaida, inaacha mstari mweusi. Kwenye pamba inaacha unjano hafifu tu. Bosi aliiamini kalamu ile kuliko alivyotuamini sisi. Lakini matapeli nao wanaijua. Wapo wanaochukua noti halali ya thamani ndogo, wakaufuta wino wake, wakachapa juu yake noti kubwa. Kalamu itasema karatasi ni halali, na haitakuwa imekosea: karatasi ni halali kweli. Mpaka uinue noti kwenye mwanga ndipo utaona dola 100 yenye sura ya Franklin kwa mbele, na ndani ya karatasi anakuchungulia Lincoln, mwenye noti ya dola 5 ya toleo la zamani. Wanaopigwa kwa njia hii ni wale waliokwishapiga mstari wa kalamu wakaridhika.

Kuna na taa ya zambarau. Karatasi ya kawaida hutiwa dawa ya kuifanya iwe nyeupe zaidi, na dawa hiyo huwaka buluu chini ya taa. Karatasi ya noti hubaki giza, isipokuwa sehemu chache zilizokusudiwa kuwaka. Taa hiyohiyo ndiyo aina ya kipimo kilichosaidia kuyaumbua madaftari yaliyodaiwa kuwa shajara za Hitler, ambayo jarida la Stern la Ujerumani liliyanunua kwa mamilioni na kuyatangaza mwaka 1983. Karatasi ilikuwa na dawa ya weupe iliyoanza kutumika baada ya vita, na mwenye shajara alikufa 1945. Kinachonichekesha zaidi ni kwamba kabla ya hapo wataalamu wa mwandiko walikuwa wameridhika. Walilinganisha madaftari na sampuli walizopewa, na baadhi ya sampuli hizo nazo zilikuwa kazi ya Konrad Kujau, mghushi yuleyule. Shikilia hilo, litarudi na kuniumiza.

Kijana mmoja aliyeajiriwa baada yangu alitaka kututengenezea bango la mafunzo. Akalaza noti kwenye mashine ya kunakili ya rangi, akabonyeza. Mashine ikagoma, ikatoa ujumbe wa kosa, ikanyamaza. Alidhani ameiharibu. Siku mbili nzima alitembea kama mtu anayesubiri barua ya kuachishwa kazi, mpaka fundi alipokuja na kucheka. Noti nyingi zimetawanyiwa viduara vidogo kwa mpangilio maalumu, na mashine nyingi za rangi zikiuona mpangilio huo hukataa kazi. Mtaalamu wa kompyuta Markus Kuhn ndiye aliyeugundua na kuuelezea hadharani mwaka 2002. Tangu siku ile kila nikishika noti mpya natafuta viduara hivyo kama mtoto anayehesabu nyota.

Basi nikawa mjuzi. Vidole vikazoea, jicho likazoea, nikaanza na mimi kuwafumba macho wageni wa kazi. Ila swali langu la mwanzo lilibaki pale pale: ile noti ilikuwa mbovu, inateleza kama jalada la jarida, sasa mimi niliipokeaje?

Jibu nililipata kwa mzee mmoja wa New York, Emerich Juettner, ambaye habari zake nilizisoma nikamwona kama ndugu wa yule aliyenitapeli. Alichapa noti za bandia nyumbani kwake kuanzia 1938 mpaka alipokamatwa 1948. Karatasi yake ilikuwa ya kawaida. Picha ya George Washington ilikuwa imevurugika, na katika bamba lake moja hata jina la Washington lilikosewa herufi, likasomeka "Wahsington". Kikosi cha Secret Service cha Marekani, kilichoundwa 1865 kwa ajili hasa ya kupambana na fedha za bandia, kilimtafuta miaka kumi. Kazi mbovu kuliko zote, msako mrefu kuliko wote. Siri yake ni kwamba alichapa dola moja. Nani anaitazama dola moja? Alitumia chache chache, leo hapa kesho kule, na kila aliyeipokea alikuwa na shughuli nyingine akilini.

Yangu haikuwa noti ndogo. Ilikuwa kubwa kuliko zote. Lakini foleni ya mwisho wa mwezi inafanya noti yoyote iwe ndogo. Aliyekuja nayo hakuwa ameisoma noti, alikuwa amenisoma mimi: saa ngapi nimechoka, siku gani watu wamejaa, lini nitaona haya kuinua noti ya mteja juu kwenye mwanga mbele ya watu thelathini wanaoguna. Haya hii ni kitu kikubwa kuliko wanavyoifikiria watu. Kukagua noti ya mtu mbele yake kunafanana na kumwambia "sikuamini", na wengi wetu tuko radhi tupate hasara kuliko kutamka hivyo. Baadaye nilijifunza kukagua zote, ya tajiri na ya maskini, kwa mwendo uleule, na haya ikaisha yenyewe.

Nilipohamia benki, mkufunzi mmoja alitusimulia kisa cha Alves dos Reis wa Ureno, na kwa wiki nzima sikukiacha kichwani. Huyu bwana hakughushi noti hata moja. Alighushi karatasi za mkataba, na saini ndani yake, zikionyesha kwamba Benki ya Ureno imeagiza noti za escudo 500, fedha ya Ureno ya wakati ule, kwa ajili ya koloni lake la Angola. Karatasi zikafikishwa kwa Waterlow and Sons wa London, wachapaji walewale wa noti halisi, pamoja na ombi kwamba jambo liwe siri. Wakachapa. Noti 200,000 katika awamu ya kwanza, zenye sura ya Vasco da Gama, kwa mabamba halisi, karatasi halisi, wino halisi. Ungemfumba macho yule mama wa dirishani mwaka mzima asingezitofautisha. Kwa fedha hizo Reis akaanzisha benki yake mwenyewe. Desemba 1925 ndipo zikaonekana noti mbili zenye namba moja, na hapo kila kitu kikaporomoka.

Nilichokiona mimi katika kisa hicho ni lile neno "siri". Karatasi ya kughushi peke yake isingefika mbali, maana simu moja au barua moja iliyofika kwa mhusika ingemaliza mchezo. Ombi la siri ndilo lililoziba njia ya kuuliza. Tangu hapo, mtu akiniletea hati kisha akaniomba nisimsumbue fulani, au nifanye haraka kabla ofisi haijafungwa, naanza kuiangalia hati yake upya.

Na hati nimeziangalia nyingi, kwa sababu miaka kadhaa baadaye nilipelekwa idara ya utumishi kukagua vyeti vya waombaji kazi. Ni kazi ngumu kuliko noti. Noti ya nchi moja inafanana na mwenzake, lakini cheti kila chuo kina karatasi yake, muhuri wake, na mkuu wake anayesaini jinsi alivyoamka siku hiyo. Vidole havisaidii. Nikajifunza kutazama wakati badala ya karatasi. Lorenzo Valla alifanya hivyo mwaka 1440 alipoichambua hati iliyodai kuwa Kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Hakuwa na taa wala ayodini. Aliisoma tu, akaona Kilatini chake na vyeo vilivyotajwa humo si vya karne ya nne. Mghushi anaweza kuiga mhuri, lakini kila mara husahau kuuvua wakati wake mwenyewe anapoingia wakati wa wenzake.

Mimi nilimkamata mmoja hivyo. Cheti kizuri, rangi zake, utepe wake. Muhuri ulisema "Chuo Kikuu". Ila kwa tarehe iliyoandikwa, mahali pale palikuwa bado taasisi, hadhi ya chuo kikuu ikaja miaka mitatu baadaye. Nilijisikia bingwa. Nilikwenda nyumbani siku hiyo kifua mbele.

Kibri hicho kilidumu miezi miwili. Ikaja barua ya uthibitisho wa kazi ya mwombaji mwingine, safi, yenye anwani na namba ya simu ya ofisi alikotoka. Nikafanya nilivyofundishwa, nikapiga. Akapokea mtu mstaarabu sana, akathibitisha kila kitu, akaongeza na sifa ambazo sikumuuliza. Nikaweka alama ya tiki. Kumbe namba niliyopiga niliichukua kwenye barua ileile niliyokuwa naikagua! Aliyepokea alikuwa rafiki yake. Ni kama wale wataalamu wa shajara: nilimuuliza mtuhumiwa kama yeye ni mwaminifu, akanijibu ndiyo, nikamshukuru. Siku hizi namba ya simu naitafuta mwenyewe mahali pengine kabisa, hata kama barua imeletwa na mtu ninayemheshimu.

La ajabu, kazi alikuwa anaiweza. Vitabu vyake vya hesabu vilikuwa safi kuliko vya wenzake wenye vyeti halali. Alipofukuzwa sikufurahi, na sitajifanya kwamba nilifurahi. Lakini nafasi ile iliombwa na watu wengine waliosota miaka kukitafuta cheti, na hao sikuwaona sura kama nilivyomwona yeye, aliyekaa mbele yangu akilia. Anayeumizwa na kughushi mara nyingi hayupo chumbani.

Kwenye bidhaa nitapita haraka, maana huko mimi ni mteja tu kama wengine: chaja iliyochemka mpaka ikanuka, viatu vilivyofungua mdomo wiki ya pili. Hizo ni hasara za kucheka. Dawa si ya kucheka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba katika kila kumi ni duni au ya kughushi. Niliisoma takwimu hiyo kama habari za mbali, mpaka nilipomnunulia mama yangu mzazi dawa za presha kwa mtu aliyekuwa karibu na njia yangu, bei nafuu, bila foleni. Boksi nililikagua: herufi sawa, tarehe sawa, nembo sawa. Yeye alimeza siku mbili, siku ya tatu akaniita. Alikuwa amezoea kukivunja kidonge nusu kwa nusu kwenye mstari wake kwa ukucha, kikakatika safi. Hivi vilikuwa vinamumunyuka vikawa unga mkononi.

"Mwanangu," akasema akinionyesha kiganja, "hizi ulizikagua au ulizinunua?"

Mfamasia tuliyempelekea alifuatilia namba ya toleo kwa mtengenezaji. Toleo hilo halikuwahi kutengenezwa. Mkaguzi wa noti na vyeti nimekaa pale na mkoba wangu wa kazini magotini, naumbuliwa na kiganja cha mama yangu.

Sasa nirudi mfukoni.

Ile noti ya kwanza ilikaa nami wiki mbili. Niliitazama usiku mpaka nikaijua kama mtu anavyokijua kidonda chake. Namba yake iliishia 417. Makato yalikuwa yameshapita, mwezi ulikuwa mrefu, na kila nilipofungua pochi iliniangalia. Jioni moja ndani ya basi lililoshona, giza limeingia, nikaikunja pamoja na noti nyingine ndogo nikampa kondakta. Aliikamata bila kuitazama, akanihesabia chenji halali. Nilichagua saa yenyewe, nilichagua msongamano wenyewe. Nilimfanyia vilevile nilivyofanyiwa. Na nitakuwa mwongo nikisema usiku ule sikulala. Nililala vizuri, nikijiona nimelipiza, ingawa kondakta hakuwahi kunikosea kitu. Nilijua pia kwamba sheria za nchi nyingi hazimpi nafuu mtu wa namna yangu: kuipokea bila kujua ni bahati mbaya, kuipitisha huku unajua ni kosa la jinai.

Ulipita mwaka na zaidi. Niko benki, dirisha la tatu, asubuhi isiyo na watu. Akaja mzee, kofia kaivua kaishika mkononi, analeta fedha alizolipwa kwa kazi ya ujenzi. Noti nne. Nilipofika ya tatu gumba likateleza. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaiweka chini ya taa, ikawaka buluu. Halafu nikasoma namba. Iliishia 417, na tarakimu za mbele nazo nilizijua zote.

Sina njia ya kujua kama ni ileile. Waghushi huchapa lundo zima kwa namba moja, kwa hiyo huenda ilikuwa pacha wake. Nilitafuta mikunjo yangu miwili, nikaiona, lakini noti gani isiyokunjwa mara mbili? Utaratibu wa benki uko wazi: noti ya bandia hairudishwi kwa mteja, inazuiwa, fomu inajazwa, mteja anapewa risiti na anaulizwa alikoipata. Fidia hakuna. Hasara inamkalia aliyekuwa nayo mkononi siku ilipotambuliwa.

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa, mwanangu, hii mimi nikaidai kwa nani?"

Nikamjibu ya kitabuni. Nikamwambia taratibu haziruhusu, mzee wangu, nikamwambia akitoa taarifa polisi itasaidia uchunguzi, nikamwonyesha mahali pa kusaini. Kalamu ilimpa taabu kidogo. Alipomaliza akaikunja ile risiti mara mbili, akafungua pochi yake, akaiingiza palepale ilipokuwa noti.